Kalenda Tatu kwa Wakili Mmoja

Wakili niliyemfanyia kazi ya usekretari pale Nyeri alikuwa mtu mwema, lakini hakupenda kukumbushwa kitu na binadamu mwenzake. Ukimwambia asubuhi kwamba leo ana kesi Karatina, alikutazama kama mtu aliyeambiwa shati lake limechomoka. Alijibu kwamba anajua, akaketi, akaendelea na gazeti. Baadaye ungesikia viatu vinashuka ngazi kwa kishindo, koti liko mkononi, anauliza kila aliyekutana naye kama ameona funguo za gari.

Tarehe zake zote alikuwa anaziandika kwa penseli katika dayari moja kubwa nyeusi, na dayari hiyo haikubaki ofisini hata siku moja. Akienda Nanyuki, nayo huenda Nanyuki. Akienda msalani, huenda nayo. Wateja walipokuja kuniuliza kesi yao itasikizwa lini, niliwaambia wangoje dayari irudi. Kulikuwa na wazee walioamini kwamba Dayari ni wakili mwingine, mkubwa kuliko wetu, na waliingia wakivua kofia na kuniuliza kwa heshima kama Bwana Dayari amesharudi kutoka safari.

Kompyuta tuliipata kwa rafiki yake mwenye hoteli ndogo Nanyuki. Hoteli hiyo ilikuwa inafanya vizuri kwa sababu ya wanajeshi wa kigeni waliokuja kufanya mazoezi yao kule, na mwenyewe alipojinunulia mashine mpya alimpa Wakili ile ya zamani kumshukuru kwa kazi fulani. Ililetwa katika pikapu ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa na spika mbili, moja kila upande. Nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta mjini, kwa hiyo iliwekwa kwenye meza yangu, nikaishonea kitambaa cha krosheti cha kuikinga na vumbi, na kwa mwezi mzima niliitumia kupiga chapa barua na kucheza karata wakati hakuna mtu.

Wa kutufungulia macho alikuwa fundi mmoja aliyefundisha kompyuta katika chuo kidogo juu ya duka la viatu. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye tai fupi iliyoishia kifuani, na alipokuwa akiitengeneza mashine aliizungumzisha polepole, kama mtu anayekama ng'ombe asiyemzoea. Siku hiyo alikuja kurekebisha printa. Alipoona wazee wamejaa kwenye benchi wakingoja dayari, alimwambia Wakili kwamba kuna programu za kalenda. Unaingiza tarehe, na siku ikifika mashine yenyewe inalia.

Wakili aliweka gazeti chini. "Na nani ndiye ananikumbusha?"

"Mashine."

"Si mtu?"

"Hapana. Si mtu."

"Basi lete."

Fundi alieleza kwamba anazo tatu kwenye disketi, na afadhali tujaribu kila moja kwa wiki kadhaa ndipo tuchague. Ya kwanza ilikuwa imetoka Uingereza. Ya pili ilitoka Marekani. Ya tatu, alisema akiangalia viatu vyake, aliitengeneza mwenyewe.

Ile ya Uingereza ilikuwa na mapambo mengi kuliko bibi harusi. Kila asubuhi ilikuwekea picha mpya: leo paka kwenye kikapu, kesho maporomoko ya maji, keshokutwa nyumba iliyofunikwa na theluji. Ukiiwasha ilipiga muziki, halafu sauti ya mwanamke ikakuamkia kwa Kiingereza cha puani na kukutakia siku njema. Nikiingiza miadi, mwanamke yule alikohoa kidogo saa ilipofika, kisha akatamka saa ni ngapi. Wakili alimpenda mara moja. Hakuwahi kunijibu mimi salamu yangu vizuri, lakini yule alimwitikia.

Ili amsikie vizuri aliagiza kompyuta ihamishwe kwenye chumba chake cha ndani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wateja walikaa kwangu, chumba cha nje, na mlango wa ndani ulikuwa umefungwa. Kila baada ya muda walisikia sauti ya mwanamke wa kizungu akisema maneno machache, kisha sauti ya Wakili ikisema asante. Mwanamke huyo hakutoka kamwe. Mama mmoja wa Othaya aliyekuja kwa ajili ya hati ya shamba aliniinamia akaniuliza mzungu yule analala wapi. Nilimwambia kwamba halali. Ninakubali ningeweza kueleza zaidi, lakini simu ililia.

Habari zilifika nyumbani kwa Wakili kabla yeye mwenyewe hajafika. Mke wake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na sisi sote, pamoja na mumewe mbele za watu, tulimwita Mwalimu. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye angeweza kunyamazisha uwanja mzima kwa kusimama tu. Alikuja Jumanne bila taarifa. Alinisalimia, akaniuliza kama mzee wake yuko peke yake, na kabla sijajibu ile sauti ndani ikakohoa na kutaja saa.

Mwalimu alifungua mlango. Nilibaki kwenye kiti changu, lakini mlango aliuacha wazi, kwa hiyo niliona. Alitazama nyuma ya pazia. Alifungua kabati la mafaili. Wakili alikuwa amesimama na kikombe cha chai, akijaribu kueleza kuhusu spika, na alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Mwishowe aliniita nije niithibitishe mashine. Nilibofya, yule mwanamke akamtakia Mwalimu siku njema.

Mwalimu aliisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia mumewe, kwa upole kabisa, "Sasa hii uitoe."

Ikatolewa siku hiyo hiyo. Kompyuta ikarudi kwenye meza yangu.

Ya Marekani ilianza katikati ya mwezi wa nne. Haikuwa na picha wala sauti ya mtu, ilikuwa na kengele tu, ndogo na kali, kama ya baiskeli. Juma lake lilianza Jumapili. Lakini jambo tuliloligundua baadaye ni kwamba ilikuwa imekuja na sikukuu zake ndani, nyingi ajabu, zote za kwao. Mimi sikuzijua nusu yake.

Jumatano moja, mwisho wa mwezi ule, Wakili alikuwa amesimama nyuma yangu akinisomea barua niipige chapa. Kengele ikalia. Kwenye kioo pakatokea ua jekundu, na chini yake maneno kwamba leo ni Siku ya Masekretari.

Alisogea akasoma mwenyewe. Akaniuliza kunatakiwa kufanywa nini. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, sijawahi kuisikia. Akachukua simu akampigia Fundi. Fundi, maskini, hakujua kwamba anajichimbia shimo. Alimweleza kwamba huko Marekani siku hiyo mkubwa wa ofisi humpa sekretari maua na kumpeleka chakula cha mchana. Wakili aliandika kwenye karatasi maneno hayo mawili, maua na chakula, na akayapigia mstari kama amri ya korti.

Alitoka. Aliporudi alikuwa amebeba fungu la yale maua meupe marefu yanayoota kwenye mifereji. Yalikuwa mazuri sana. Shida ni kwamba kwetu maua yale huonekana makaburini. Tulitoka kwenda kula katika hoteli moja ya kizamani pembeni ya mji, mimi nikiwa mbele na maua, yeye nyuma katika suti nyeusi, na njiani watu wawili walinishika mkono wakanipa pole. Mmoja aliuliza mazishi ni lini. Nilimjibu kwamba tutawaambia.

Hotelini tulipewa sandwichi zilizokatwa maganda ya mkate. Nilikuwa nimefanya kazi kwake miaka, na hatukuwahi kukaa meza moja. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi. Nilimwambia Kangema, wazazi wangu wanachuma majani chai. Akashangaa. Alikuwa amefikiri siku zote kwamba mimi ni wa Othaya, na kwa sababu hiyo kila alipopita Othaya alikuwa akipunguza mwendo akidhani huenda atawaona watu wangu. Nilicheka mpaka nikaweka sandwichi chini. Naye akacheka, jambo ambalo pia sikuwa nimewahi kuliona kwa karibu. Alikuwa na pengo upande wa kushoto.

Kabla ya siku ile, kusema kweli, nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ile ya Fundi ndiyo nitakayoipendekeza, hata kabla ya kuijaribu, kwa sababu ni ya nyumbani na kwa sababu ya ile tai fupi. Baada ya sandwichi nilianza kutafakari upya.

Kisha ikaja safari ya Nanyuki. Wakili alikuwa na kesi ya ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba la baba yao, huko mbele ya mji, njia ya Timau. Ugomvi ulikuwa juu ya mstari wa mikaratusi. Kila mmoja alisema iko upande wake. Walikuwa hawajasemeshana kwa muda mrefu na walikuwa wamekwisha kulipa mawakili ada zilizopita thamani ya mikaratusi yote, na bado kesi haijaanza kusikizwa. Tarehe waliyopewa ilikuwa tano mwezi wa sita. Niliiingiza kama tunavyoandika hapa, tano, alama ya mkwaju, sita. Asubuhi ya tarehe sita mwezi wa tano kengele ikalia, na kwenye kioo pakawa pameandikwa Nanyuki, saa tatu, mikaratusi.

Wakili aliinuka bila kubisha, akavaa koti, akaenda. Ndivyo alivyokuwa na mashine. Mimi ningemwambia, angeketi kwanza.

Saa nne hivi nikachukua faili lile ili nilirudishe mahali pake, na nikaona hati ya korti. Nikaangalia kioo. Nikaangalia hati. Ndipo nilipoelewa kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi, siku ikafuata. Mtu wangu alikuwa amepanda mpaka Nanyuki mapema kwa mwezi mzima. Hapakuwa na simu ya kumfikia. Nilikaa nikipanga maneno ya kumwambia akirudi, na nikafuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Yaliyotokea kule alinisimulia mwenyewe jioni. Alifika, akaulizia kesi, karani akamwambia haipo. Angeweza kukiri kwamba amekosea tarehe, lakini huyo si yeye. Alisema amekuja kutazama faili. Alipokuwa anatoka akakutana uso kwa uso na wakili wa upande wa pili, mama mmoja wa Nanyuki mwenye sauti nzito, aliyekuwa amekuja kwa mambo yake mengine. Mama huyo akamuuliza amefuata nini huku leo. Wakili alitafuta jibu kichwani na lililotoka ni kwamba amekuja ili wazungumze kama watu wazima kabla ya siku ya kesi.

Yule mama alimtazama sana. Alisema amefanya kazi hiyo muda mrefu na hakuna aliyewahi kumfuata kutoka Nyeri kwa ajili ya kuzungumza. Akatuma mtu kumwita mteja wake, mdogo mtu, ambaye alikuwa na kibanda cha vinyago alivyowauzia wanajeshi. Kaka mtu, mteja wa Wakili, naye akapatikana sokoni. Wakawekwa meza moja, nyama choma ikaletwa, na kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta hakuna aliyeweza kumnyooshea mwenzake kidole vizuri. Ikatokea kwamba jambo halikuwa mikaratusi. Mama yao alipofariki, tangazo la kifo liliposomwa redioni jina la mdogo liliachwa. Alikuwa amesikiliza redio hiyo dukani mbele za watu. Kaka mtu alisema aliyeandika tangazo alikuwa binamu, na yeye mwenyewe hata hakulisikia, kwa kuwa alikuwa njiani kununua jeneza. Kisha mdogo akamsukumia kaka yake kipande cha ubavu.

"Tarehe tano tutaenda tu kuandikisha makubaliano," Wakili aliniambia, akivua koti. "Kesi imeisha."

Nikamweleza kuhusu mwezi na siku. Nilimwonyesha hati na nilimwonyesha kioo. Alinisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa, nikafikiri ameelewa.

"Ni sawa," alisema. "Lakini wewe fikiria. Ingenipeleka siku ingine, huyo mama ningempata hapo?"

Nilisema labda asingempata.

"Ilijua," alisema Wakili. Akaigusa mashine juu kwa kiganja, kama mtu anayegusa kichwa cha mtoto aliyefaulu mtihani.

Ijumaa ya juma lile kengele ikatangaza kwamba Jumapili itakuwa Siku ya Akina Mama. Wakili hakuuliza tena kunatakiwa nini. Sasa alikuwa na mazoea. Alichukua karatasi, akaandika kitu, akaikunja akatia mfukoni. Nilikuja kujua Jumatatu, Mwalimu alipopanda ngazi zetu kwa mara ya pili. Nilisimama upesi nikajaribu kukumbuka kama kuna sauti yoyote ya mwanamke iliyobaki ndani ya ile kompyuta.

Alivuta kiti akaketi kando yangu. Aliniambia kwamba jana, baada ya kanisa, mzee aliingia jikoni. Alisema kama mtu anayeripoti kwamba mzee ameonekana juu ya paa. Alikuwa amemkaangia mayai. Sufuria iliungua na sasa ndiyo kuku wanayowekewa maji. Mayai yenyewe Mwalimu aliyala yote, alisema, kwa sababu hajui kama ataona mengine.

"Hii mashine ndiyo ilimwambia?"

Nilisema ndiyo.

Alikitazama kioo kwa muda. "Inaweza kuandikwa siku zingine?"

Nilimweleza kwamba inaweza kuandikwa siku yoyote, na ukitaka inajirudia yenyewe kila mwaka, au kila mwezi, bila mtu kuigusa tena. Mwalimu alisogeza kiti karibu. Alinipa siku yake ya kuzaliwa. Alinipa siku ya harusi yao. Kisha akaniambia niandike kumtembelea mama mkwe.

"Mara moja kwa mwaka, Mwalimu?"

"Kila mwezi. Na hiyo kengele, haiwezi kupiga kwa nguvu kidogo?"

Niliipandisha sauti. Aliposhuka ngazi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa chini.

Baada ya hapo tukaijaribu ya Fundi. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na siku zilikuwa kwa Kiswahili, Jumatatu mpaka Jumapili. Tarehe ilianza na siku, mwezi ukafuata. Haikulia, iliandika tu mstari mmoja chini ya kioo, kwa adabu, na kungoja uuone. Kwa wiki tulizokaa nayo haikukosea hata mara moja. Hakuna aliyekwenda mji usio wake. Hakuna aliyekaanga mayai wala aliyenipa maua. Wakili alikuwa anapita nyuma yangu asubuhi, anatazama ule mstari wa kijani, na kutoa pumzi puani.

Siku ya kuchagua Fundi alikuja amechana nywele na kuvaa tai ndefu, ya kuazima nadhani. Mwalimu naye alikuwepo. Alisema alikuwa anapita tu. Wakili aliketi nyuma ya meza yake kubwa akatusikiliza kama hakimu. Fundi alieleza vizuri, bila majivuno. Alisema yake ni nyepesi, inafuata tarehe zetu, na ikiharibika yeye yuko hapo tu juu ya duka la viatu. Kisha akasema, kwa heshima, kwamba ile ya Marekani inasoma tarehe kinyume, na siku moja itampotosha Wakili.

"Imenipotosha tayari," Wakili alisema. "Nikashinda kesi."

Alimgeukia mke wake. Mwalimu alisema yeye hajui kompyuta, lakini anaona ile ya Marekani ina malezi.

Wakanigeukia mimi. Fundi alinitazama kwa macho ya mtu mwenye hakika, na nilijua kwamba anajua ya kwake ni bora, na alijua kwamba mimi najua. Nilisema kwamba ile ya Fundi haina kasoro. Nilisema pia kwamba kuhusu zile tarehe si lazima kuwe na shida, kwa sababu nitakuwa naandika mwezi kwa jina lake badala ya namba, na mashine haitachanganyikiwa tena.

"Kwa hiyo?" aliuliza Wakili.

"Kwa hiyo ile ya Marekani," nilisema, nikisikia tayari harufu ya sandwichi.

Fundi alikusanya disketi zake. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi, kwa kuwa haikuwa vizuri kumwacha aende hivyo. Aliteremka mbili tatu, akageuka.

"Yangu ni mzuri. Si unajua?"

"Najua."

"Sasa ni nini?"

Niliangalia nyuma nione kama mlango umefungwa. "Yako haina Siku ya Masekretari," nilimwambia.

Nilidhani atakasirika. Alisimama pale akifikiri, akatoa kalamu mfukoni, akaandika kitu nyuma ya mkono wake. Kisha akacheka peke yake na kushuka.

Muda si mrefu nilianza kusikia kwa wenzangu. Fundi alikuwa anazunguka ofisi za mjini wakati wa chakula cha mchana, saa ambayo wakubwa wametoka na masekretari wako peke yao. Alikuwa amebadilisha ile yake. Sasa ilikuwa na kengele, na ua lililochorwa kwa nyota za kijani, na Siku ya Masekretari alikuwa ameiweka mara mbili kwa mwaka. Rafiki yangu aliyefanya kazi kwa daktari wa meno alisema mkubwa wake aliichagua mwenyewe, baada ya yeye kumwachia iwe wazi mezani kwa wiki nzima. Hata kiwanda kimoja cha majani chai upande wa kwetu Kangema kiliichukua. Wakati watu wa programu za ng'ambo wakijiuliza nani hununua, Fundi alikuwa ameketi na yule anayebofya. Nilipokutana naye sokoni alinipa nusu ya muwa wake, na tai ilikuwa imerudi ile fupi.

Sisi tulibaki na ya Marekani, na nilitimiza ahadi yangu ya kuandika miezi kwa majina. Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba mashine ile haikujua sikukuu zetu wenyewe. Nyingi nilizikumbuka nikaziingiza. Siku ya Jamhuri niliisahau, na kabla sijaikumbuka Wakili alikuwa amempa mzee mmoja miadi ya siku ile, asubuhi. Nilimwambia tumsogeze mbele. Alikataa. Imeandikwa ndani, alisema, hatuwezi kuanza kuichezea.

Kwa hiyo tarehe kumi na mbili Desemba tulifungua ofisi peke yetu mjini. Mlima tunaouona kutoka mjini haukuwa na wingu mpaka juu kabisa. Maduka yalikuwa yamefungwa, na kutoka upande wa uwanja tulisikia ngoma za bendi ya shule. Yule mzee alifika katika koti lake la kanisani. Alikuwa mtu wa maneno marefu; kesi yake ilihusu njia ambayo jirani aliifunga kwa miiba, na siku za kawaida Wakili alikuwa anamkata kwa kutazama saa. Siku ile simu haikulia wala hapakuwa na mtu kwenye benchi. Nilichemsha chai nikawapelekea, na Wakili akaniambia nami niketi.

Mzee alisimulia njia ile tangu ilipokuwa ya mbuzi. Alisimulia nani alipita na nani alikatazwa, na jinsi yeye na jirani huyo walivyoipanua pamoja kwa majembe walipokuwa vijana, wakigawana viazi vya kuchoma. Alipofika hapo aligeuzageuza kofia yake magotini. Wakili hakumsukuma. Alimwongezea chai mwenyewe, akamwaga kidogo kwenye sahani.

Ngoma zilipokuwa zinaisha kule uwanjani, mzee alivaa kofia. Alisema hatashtaki. Atampelekea jirani viazi kwanza aone.

"Na akikataa?" Wakili aliuliza.

"Nitarudi. Lakini unipe siku kama hii, yenye hakuna watu."

Wakili alinitazama, nami nikaenda kwenye kompyuta kumtafutia.